Shule inadai shilingi 65,000 na kijana kavunja kiti: kipi cha mzazi, kipi cha serikali, kipi chake mwenyewe?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Kijana wangu yuko Kidato cha Pili kwenye shule ya kata, anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Mwezi uliopita wazazi tuliitwa kikao tukaambiwa kila mmoja alete 65,000: 40,000 ya chakula, 15,000 ya mwalimu wa hisabati wa kujitolea na 10,000 ya mlinzi. Kabla sijajipanga nikaitwa tena, safari hii peke yangu. Nikaonyeshwa kwamba tangu Januari kijana amekosa siku 19, na mimi kila asubuhi namwona anatoka na sare. Juu ya hapo, yeye na wenzake wawili wamevunja kiti na meza wakicheza darasani. Nadaiwa 120,000, na asirudi mpaka hela ikamilike. Leo ni siku ya nne yuko nyumbani. Baba yake anasema hatutoi hata senti, elimu ni bure. Jirani anasema mtoto akishavuka geti la shule ni wa walimu. Naomba unitenganishie: kipi changu, kipi cha serikali, na huyu kijana mwenyewe hana lake?"

Mama, pole kwa wiki uliyopitia. Nianze na lisilosubiri: kijana arudi darasani kesho asubuhi, na uende naye. Mengine yote uliyouliza yanaweza kuzungumzwa akiwa amekaa kwenye kiti. Hapa Tanzania, Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 umekataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Na kama amesimamishwa kwa kosa la nidhamu, hilo ni jambo jingine lenye utaratibu wake: mzazi anapewa barua inayotaja kosa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi. "Asirudi mpaka hela ikamilike" haiingii huku wala kule. Siku nne ukizijumlisha na zile 19 zinakuwa 23, na kijana wa Kidato cha Pili ana upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa mwaka ambao asiyefikia kiwango hurudia darasa.

Sasa hilo neno "bure". Baba watoto hajalitunga, limesemwa sana, lakini limewaponza wazazi wengi na walimu wengi pia. Kilichofutwa na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ukaanza kutekelezwa Januari 2016, ni ada na michango ya lazima kwa shule za umma mpaka Kidato cha Nne. Ada yenyewe ilikuwa 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Julai 2022 msamaha huo ukafika Kidato cha Tano na cha Sita. Siku hizi hata serikali yenyewe hupenda kusema "elimu bila ada", na naona ni jina la haki zaidi. Gharama ya kumsomesha mtoto haikufutwa. Iligawanywa. Waraka ule Na. 3 ulitoka mwaka uliofuata hasa kwa sababu watu walikuwa wameanza kugombana, kila mmoja akidhani mzigo ni wa mwenzake, kama mnavyogombana nyie leo.

Kwa mujibu wa mgawanyo huo, mzazi wa mwanafunzi wa kutwa anabaki na sare, viatu, madaftari, kalamu, nauli, matibabu na chakula cha mchana. Serikali inabaki na mishahara ya walimu, vitabu, ada ya mitihani ya Taifa na fedha za kuendesha shule. Jamii kwa ujumla wake, pamoja na wewe, inaweza kuchangia ujenzi na mambo mengine kwa hiari, kwa utaratibu ulioidhinishwa. Zaidi ya waraka kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayompa mzazi wajibu wa kumlea mtoto kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na maongozi. Hilo la mwisho, maongozi, ndilo linalomjibu jirani yako. Mtoto akivuka geti, walimu wanapokea ulinzi na ufundishaji wake kwa saa zile. Ubaba na umama haupokelewi getini.

Nakuomba unifuate kwenye hesabu, maana bila kujua shule inapata nini hutaweza kupima unachoombwa. Kwa kila mwanafunzi wa sekondari serikali inapanga ruzuku ya uendeshaji ya 25,000 kwa mwaka. Nusu yake, 12,500, hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na nusu nyingine ndiyo inayoingia kwenye akaunti ya shule. Pamoja na hiyo kuna fidia ya ada, yaani ile 20,000 uliyokuwa ukilipa wewe zamani, sasa inalipwa na serikali. Kwa shule ya msingi ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mwaka, 4,000 zikibaki kwa vitabu na 6,000 zikienda shuleni.

Tuseme shule ya kijana wako ina wanafunzi 400. Ruzuku ni 12,500 mara 400, milioni 5. Fidia ya ada ni 20,000 mara 400, milioni 8. Jumla milioni 13 kwa mwaka, sawa na milioni 1 na elfu 83 hivi kwa mwezi. Kwa fedha hiyo mkuu wa shule anunue chaki, karatasi na wino wa kudurufu mitihani, alipe umeme na maji, anunue kemikali za maabara, akarabati vitasa na vioo, apeleke timu kwenye michezo, alipe nauli za watumishi wanaofuatilia mambo ya shule wilayani. Mitihani peke yake inakula sana: wanafunzi 400, masomo 9, kurasa 4 kila somo, ni kurasa 14,400 kwa mtihani mmoja wa muhula. Viwango hivi vimetoka mbali. Ile 10,000 ya msingi ilikuja na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, na 25,000 ya sekondari ilikuja na MMES, mpango kama huo wa sekondari ulioanza 2004. Karatasi na umeme havikubaki kwenye bei ya mwaka 2004. Kwa hiyo mkuu wa shule anapowaita wazazi, mara nyingi anakabiliwa na pengo la kweli, na namwonea huruma. Lakini pengo la kweli halihalalishi kila tarakimu inayoandikwa ubaoni. Ndiyo maana tupitie zile tatu moja moja.

Chakula kwanza, maana hiki ni chako. Kijana anaondoka nyumbani saa kumi na mbili na kurudi jioni. Bila kitu tumboni, kipindi cha saa saba mchana ni cha kupoteza tu, na wapo wengi ambao utoro wao unaanzia hapo: saa sita wanatoroka kutafuta cha kula, hawarudi. Swali lako kikaoni lilipaswa kuwa, 40,000 ni ya muhula au ya mwaka?

Mwaka wa masomo una siku 194. Makande ya kumshibisha kijana yanahitaji kama gramu 150 za mahindi na gramu 60 za maharage kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni kilo 29 za mahindi, debe moja na nusu na ushei, na kilo 11 na nusu za maharage. Tuchukue mahindi 800 na maharage 2,500 kwa kilo, wewe badilisha uweke bei ya soko lako. Mahindi yanakuja 23,280, maharage 29,100, jumla 52,380 kabla ya chumvi, mafuta, kuni na mpishi. Kama 40,000 ni ya mwaka mzima, basi haitoshi, na ama watoto watakula siku chache ama watapewa uji. Uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Kama ni ya muhula, nafaka ya siku 97 ni 26,190, na kwa kila mzazi inabaki 13,810. Mara 400 ni zaidi ya milioni 5 na nusu. Wapishi wawili wa 120,000 kwa miezi mitano wanachukua milioni 1.2. Inayobaki baada ya hapo inunue kuni, chumvi, mafuta na maji, na anayeisimamia aweze kuionyesha kwa maandishi.

Njia iliyonyooka kuliko zote kwenye chakula ni kutoa nafaka yenyewe. Debe la mahindi linaonekana, linapimwa mbele ya watu, linaandikwa kwenye daftari la stoo. Wazazi wachague kamati yao ya chakula, watu watatu au wanne, ufunguo mmoja wa stoo ukae kwao na mwingine kwa mwalimu wa zamu, na kila asubuhi mahindi yatolewe kwa kupimwa kwenye mizani kulingana na wanafunzi waliohudhuria siku hiyo. Kosa la kawaida ni kupima kwa idadi ya walioandikishwa. Waliopo 310, mahindi yanatoka ya 400, na mwezi wa tatu stoo imekauka huku kila mtu akimwangalia mpishi.

Mwalimu wa kujitolea ni suala gumu zaidi, na sitakudanganya kuwa lina jibu moja. Kuajiri walimu ni kazi ya serikali. Hilo halina mjadala. Lakini kijana wako anakua mwaka huu, na mwalimu wa hisabati anaweza kuletwa mwaka kesho kutwa. Wazazi wakikubaliana kwa hiari kumlipa kijana aliyemaliza chuo cha ualimu anayesubiri ajira, hiyo ni busara. Ila tazama hesabu. 15,000 mara 400 ni milioni 6. Mwalimu mmoja akilipwa 200,000 kwa miezi 10 ni milioni 2. Milioni 4 zilizobaki ni za nani?

Hapa nieleze kitu ambacho wazazi wengi hawakijui na wakuu wa shule hawapendi kukisema hadharani. Michango ya hiari hailetwi na wote. Mkuu wa shule anajua nusu ya wazazi watatoa na nusu hawatatoa, basi anapandisha kiwango ili watakaotoa wawafidie wasiotoa. Mwaka unaofuata waliotoa wanachoka, wanapungua, kiwango kinapanda tena. Nia inaweza kuwa safi kabisa, lakini mwisho wake mzazi mwaminifu ndiye anayebeba, na shule inaanza kuwadai watoto kwa sababu haina mtu mwingine wa kumdai. Dawa yake ni bajeti ya wazi: tunahitaji milioni 2, tunatarajia wazazi 250 watoe, kila mmoja 8,000, ikizidi inarudi kwenye chakula. Mzazi akiona hivyo hutoa kwa moyo.

Kuhusu mlinzi ningeuliza kabla sijafungua pochi. Mlinzi, umeme na maji ni gharama za uendeshaji, na fedha za uendeshaji ndizo zile milioni 13. Mlinzi wa 150,000 kwa mwezi ni milioni 1.8 kwa mwaka, wakati mchango wa 10,000 kwa wazazi 400 ni milioni 4. Inawezekana shule ina walinzi wawili, inawezekana ruzuku imechelewa. Mambo hayo hutokea. Lakini jibu lazima litoke kwenye karatasi. Shule za umma huandika mapato na matumizi yake kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za fedha, na zinatakiwa kubandika fedha zilizopokelewa kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mzazi anaweza kusoma bila kumwomba mtu. Ukienda kesho pita kwenye ubao huo kwanza. Angalia tarehe ya karatasi ya mwisho. Ikiwa ni ya mwaka juzi, umeshapata ajenda ya kikao kijacho.

Kitu kingine: mchango wa hiari haugeuki lazima kwa sababu watu wengi walinyoosha mikono. Kikao kinaweza kupendekeza, muhtasari ukaandikwa, ukapelekwa halmashauri kwa idhini, na bado asiyeweza akabaki na haki yake na mtoto wake akabaki darasani. Usimpe mwalimu fedha mkononi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwa wazazi, na ilikuwa kinga kwa walimu wenyewe pia. Omba namba ya kulipia au akaunti ya shule, chukua stakabadhi, iandike nyuma ni ya nini, itunze.

Kama hali ya nyumbani hairuhusu 65,000 kwa mkupuo, sema hivyo kwa mdomo wako na uandike barua fupi ya mistari mitano. Toa unachoweza: debe la mahindi sasa, maharage baada ya mavuno, siku mbili za kusomba maji au kuni. Mzazi anayekaa kimya huonekana amekataa. Aliyesema "nina debe moja, lingine mwezi wa saba" anawekwa kwenye daftari kama mchangiaji.

Nije kwenye kiti na meza, maana hapa ndipo kijana mwenyewe anapoingia.

Mali ya shule iliyovunjwa kwa mchezo haiingii kwenye elimu bila ada. Ulipompeleka Kidato cha Kwanza ulisaini fomu ya kujiunga, na ndani yake zipo sheria za shule. Nyingi husema aliyeharibu atarudishia. Kwa hiyo deni lipo. La kujadili ni ukubwa wake na nani alibebe.

Umeandika walikuwa watatu. Je, 120,000 ni ya vitu vyote viwili, ambapo fungu lenu ni 40,000, au kila mzazi anadaiwa 120,000 na shule itapata 360,000 kwa kiti kimoja na meza moja? Uliza hivyo hivyo. Kisha omba kuviona. Viti vingi vya sekondari ni bomba za chuma za mraba zilizochomelewa, na kikalio na egemeo vya mbao. Kikivunjwa kwa kuegemewa nyuma, huachia pale mguu wa nyuma unapokutana na fremu, sehemu ambayo uchomeleaji ulikuwa mwembamba tangu kiwandani. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya nusu saa: anakwangua kutu na rangi mpaka chuma kiwe cheupe, anachomelea pande zote nne za bomba badala ya mbili, anaweka kipande cha bapa kwenye kona kama mbavu, anapaka rangi. Meza ikipasuka ubao wa juu tu, fremu ikiwa nzima, unabadilishwa ubao. Kununua kipya ni pale bomba lenyewe limepinda au limekatika katikati. Mwambie mkuu wa shule kwa heshima: "Mwalimu, naomba fundi aandike gharama ya kutengeneza, na sisi wazazi watatu tutengeneze." Mkuu wa shule mwenye nia njema ataona ni nafuu kwake pia, kwa sababu hela ikipokelewa ikakaa, kiti hakirudi.

Na fungu lenu lisilipwe lote na wewe, mama. Ukitoa 40,000 kimya kimya, kijana atakuwa amejifunza kwamba mama ana 40,000. Yeye na wenzake wakibebe kile kiti mpaka kwa fundi Jumamosi, wakae pale, washike msasa wao wenyewe wasugue kutu, wapake rangi, wakirudishe darasani Jumatatu mbele ya wenzao. Upande wa fedha, kata kitu anachokipenda: hela ya vocha, hela ya kunyoa mtindo, au afanye kibarua cha mwishoni mwa wiki mnachokijua nyie wazazi na kisicho cha hatari. Deni liandikwe kwenye daftari na alipunguze mwenyewe. Jambo moja tu la kuangalia: kazi hiyo isile vipindi vyake na isiwe ya kumdhalilisha. Kumsimamisha mstarini na kiti kichwani hakufundishi kulinda mali ya mtu.

Kama kuna adhabu ya viboko iliyotajwa au iliyokwisha kutolewa, jua mipaka yake. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na viandikwe kwenye kitabu cha adhabu. Una haki ya kuuliza kama kiliandikwa. Na kufukuzwa shule moja kwa moja hakuamuliwi na mtu mmoja ofisini. Kunapita kwenye bodi ya shule na ngazi za juu, na kuna rufaa.

Zile siku 19 zinanisumbua kuliko kiti na meza. Kijana anayetoka nyumbani na sare na hafiki, ana mahali anapokwenda na ana kitu anachokikimbia, na mara nyingi vyote viwili. Usimvamie kwa maswali kabla hujajua. Kesho mwombe mwalimu wa darasa akufungulie daftari la mahudhurio, andika tarehe zote 19 kwenye karatasi, na mbele ya kila tarehe andika ni siku gani ya wiki. Halafu weka ratiba ya vipindi pembeni. Kazi hii ni ya dakika ishirini, na hueleza mambo ambayo kijana asingeyasema kwa mwezi mzima. Siku zikiwa nyingi za Jumanne na Alhamisi, tazama ni somo gani au mwalimu gani yuko siku hizo. Zikiwa Jumatatu, tazama Jumapili jioni nyumbani kuna nini. Zikiangukia siku za gulio, anafanya vibarua au anazurura sokoni. Zikifuatana siku tatu tatu, aliumwa au alikuwa anakwepa adhabu: alikosa siku moja, akaogopa fimbo, akakosa ya pili, na woga ukakua kila siku.

Mengine ya kuangalia kwa macho yako: viatu vyake vikoje, anaona ubao vizuri akikaa nyuma, ana hela isiyojulikana ilikotoka, anarudi na harufu ya sigara au bangi, kuna kijiwe cha kubeti au cha bodaboda kati ya nyumbani na shuleni. Kisha kaa naye, baba yake akiwepo, mwonyeshe karatasi, na umwachie yeye aanze. "Nimeziona siku hizi. Niambie ulikuwa wapi" inatosha. Nyamaza mpaka aongee.

Baada ya hapo mfungeni kwa utaratibu mdogo usiokatika: daftari la mawasiliano ambalo mwalimu wa darasa anasaini kila jioni na wewe unasaini kila usiku, kwa wiki sita za kwanza kila siku, baadaye mara moja kwa wiki. Daftari hili hufa kwa njia moja: mzazi anasahau kusaini siku mbili, kijana anaona, wiki ya tatu "limepotea". Likipotea nunua lingine siku hiyo hiyo. Na mwalimu usimtwike peke yake. Ana wanafunzi wengi, hivyo mpe namba yako na mwombe ujumbe wa neno moja tu, "hayupo", kabla ya saa tatu asubuhi. Kumbuka pia kwamba mahudhurio yana mkono wa sheria. Mtendaji wa kata anaweza kukuita wewe kwa utoro wa mwanao, na kwa kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, mahudhurio ya mtoto ni sharti la ruzuku.

Namna ya kwenda ofisini nayo ina uzito. Nenda na baba yake. Anayesema "hatutoi hata senti" akiwa nyumbani huongea kwa utulivu zaidi akiona karatasi za shule kwa macho yake, na mkuu wa shule naye huongea tofauti mbele ya wazazi wawili. Anza na kosa la mwanao, usianze na michango: "Tumekuja kuhusu kiti na siku 19, tunakubali, tunataka kurekebisha." Mkishakubaliana kuhusu hayo, andikeni: nani, kimevunjika nini, kitatengenezwa na nani, lini kitarudi, kijana anaingia darasani leo. Saini mbili, nakala mbili. Ndipo uulize kuhusu 65,000, ukiwa na hesabu zako kwenye daftari.

Mkigonga mwamba, usirukie mbali. Mwenyekiti wa bodi ya shule ndiye wa kwanza, kisha afisa elimu kata, kisha afisa elimu sekondari wa halmashauri, kisha mkurugenzi. Peleka barua yenye tarehe na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe, hata yakiwa ya kweli. Ukiona fedha zimechukuliwa bila stakabadhi, au umedaiwa hongo ili kijana arudi, hilo ni la TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, simu ni bure.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatibu. Ukimkuta kijana ana alama za kipigo, ikiwa anakataa kabisa kutaja mtu fulani wa shuleni au wa njiani, akiacha kula, akizungumza habari ya kutaka kufa, au ukigundua anatumia dawa, usisubiri kikao wala barua. Nenda kituo cha afya kwanza kama ana majeraha, uchukue maandishi ya daktari, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Simu ya watoto ni 116, nayo ni bure, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga bila wewe kuwepo. Mwandikie namba hiyo kwenye jalada la lile daftari la mawasiliano, umwambie kwa nini umeiandika, na kesho mtoke naye saa kumi na mbili.